Siku 366 Ndani ya Bakuli Moja

Kama ulipitia hesabu za sekondari hapa Kenya, ule mfuko unaujua. Uko na mipira 5 myekundu na mipira 3 myeupe. Unatoa mmoja, hurudishi, unatoa wa pili. Uwezekano wa yote miwili kuwa myekundu ni gani? Jibu ni 5/8 mara 4/7, yaani 5/14. Wengine tuliandika hivyo, wengine wakanakili kwa jirani, na kila mtu akajiuliza kitu kimoja: haya mambo ya mipira mfukoni yatanisaidia wapi maishani?

Niko na jibu. Kuna usiku mmoja kwenye historia ambapo ule mfuko ulikuwa wa kweli. Mipira yake ilikuwa siku za kuzaliwa za vijana wa rika letu, na siku yako ikitoka mapema, jeshi linakuita. Hiki ndicho kisa ninachokitumia mtu akiniambia hesabu za uwezekano ni za watu wa kubeti peke yake.

Twende Washington, jioni ya tarehe 1 Desemba 1969.

Marekani wakati huo ilikuwa imezama kwenye vita vya Vietnam. Mwaka huo wanajeshi wake kule walikuwa wamepita nusu milioni. Vijana wengi hawakutaka kwenda, na hata waliokubali kwamba lazima watu waende walilalamikia vile waliokwenda walivyochaguliwa. Bodi za mitaani ndizo zilikuwa na usemi mkubwa, na ukiwa mwanafunzi wa chuo kikuu ungeweza kuahirishiwa. Kwa hivyo mtoto wa wenye nacho alikuwa na mahali pa kujificha, na mtoto wa asiye nacho akavaa buti. Serikali ya Rais Richard Nixon ikasema basi, tupige kura, bahati iamue. Ilikuwa kura ya kwanza ya jeshi nchini humo tangu 1942.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi, hata mtoto angeuelewa. Waliandika tarehe zote za mwaka kwenye vikaratasi, pamoja na 29 Februari, jumla 366. Kila kikaratasi kikaingizwa kwenye kidonge cha plastiki ya buluu. Vidonge vyote vikamiminwa kwenye chombo kikubwa cha kioo. Mtu anaingiza mkono, anatoa kimoja, tarehe inasomwa, na kidonge hakirudi tena. Tarehe ya kwanza kutoka inapewa namba 1, ya pili namba 2, hivyo hivyo mpaka 366. Kura ilihusu wanaume waliozaliwa kati ya 1944 na 1950. Jeshi lingeanza kuita wenye namba 1 na kupanda juu mpaka litosheke.

Yote yalionyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Mbunge wa New York, Alexander Pirnie, ndiye alitoa kidonge cha kwanza: 14 Septemba. Kisha wajumbe vijana wakapokezana. 24 Aprili. 30 Desemba. 14 Februari, siku ya wapendanao, namba 4. Cha mwisho kabisa kilikuwa 8 Juni, namba 366.

Sasa jiweke pale. Una miaka 20, umekaa na wenzako mbele ya televisheni, mnangoja. Kwa wale wa kura ile jeshi hatimaye liliita mpaka namba 195. Usiku huo hakuna aliyejua mstari utakatwa wapi, lakini sisi tunajua, kwa hivyo tuitumie hiyo 195 kuona kilichokuwa kinatokea ndani ya chombo.

Kabla ya kidonge cha kwanza, uwezekano wa tarehe yako kuwa ndani ya zile 195 ni 195/366, kama asilimia 53. Mbaya kidogo kuliko kurusha shilingi. Vidonge 100 vinatoka, chako bado. Zimebaki tarehe 266, na nafasi za hatari zimebaki 95. Hatari yako sasa ni 95/266, kama asilimia 36. Zinatoka 180, chako bado. Zimebaki tarehe 186 na nafasi za hatari 15, kwa hivyo uko kama asilimia 8. Unaanza kupumua.

Lakini cheki kitu kingine kinachoenda sambamba na hicho. Mwanzoni, uwezekano wa kidonge kinachofuata kuwa chako ulikuwa 1/366. Baada ya 100 ni 1/266. Baada ya 180 ni 1/186. Kila mkono unaoingia mle ndani uko na nafasi kubwa zaidi ya kutoka na wewe kuliko mkono uliotangulia. Kwa jumla hatari inashuka, lakini kwa kila kidonge kimoja inapanda. Hiyo ndiyo maana ya kutoa bila kurudisha: kila kinachotoka kinabadilisha hesabu ya wote waliobaki.

Hapa wasee wengi huchanganya mambo mawili, na kuchanganya huko kunakula pesa za watu. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, gurudumu la ruleti lilitua kwenye rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walizidi kumimina pesa kwenye nyekundu wakisema nyeusi imetoka sana, sasa lazima nyekundu ije. Walipoteza vibaya. Gurudumu halipunguzi nyeusi kwa sababu nyeusi imetoka. Kila mzunguko nafasi zote ziko pale pale, kama mfuko ambao mpira umerudishwa kabla ya mkono unaofuata.

Kwa hivyo ukimsikia buda akisema "nimepoteza mara nane, ya tisa lazima iingie", muulize swali moja tu: zile nane zilipotoka, kuna kitu kilipungua mle ndani? Kama ni karata zinazogawiwa kutoka kwenye deki moja, au vikaratasi kwenye kikombe, ndiyo, kilipungua, na kinachochelewa kweli kinasogea karibu. Kama ni gurudumu, dadu, shilingi au mashine ya kubahatisha iliyotengenezwa ianze upya kila raundi, hakuna kilichopungua isipokuwa pesa zako. Nikiambiwa nifundishe kijana mmoja wa Nairobi kitu kimoja tu cha hesabu, ningechagua hicho.

Turudi kwenye chombo cha kioo, maana kuna jambo la pili ambalo watu hukosea, na hili liko kwenye chama za mama zetu na za kwetu pia.

Chukua chama cha watu 12. Kila mwezi mmoja anachukua mchango wote, na ili kujua nani anaanza, mnaandika namba 1 mpaka 12 kwenye vikaratasi, mnakunja, mnatia kwenye kikombe. Kila mara kutakuwa na mmoja anayesukumana achukue kwanza kabla namba nzuri haijaisha. Na mwingine atasema wacha mimi nichukue mwisho. Nani ana akili?

Hakuna. Wa kwanza kuchukua ana nafasi 1/12 ya kupata namba 1. Wa pili ataipata kama wa kwanza ameikosa, ambayo ni 11/12, kisha yeye aipate kati ya 11 zilizobaki, ambayo ni 1/11. Zidisha: 11/12 mara 1/11 ni 1/12. Wa tatu ni 11/12 mara 10/11 mara 1/10, ambayo tena ni 1/12. Endelea mpaka wa mwisho, jibu haligeuki. Kabla karatasi yoyote haijafunguliwa, kila nafasi kwenye foleni ni sawa. Kusukumana ni kelele tu.

Huo ndio uzuri wa kutoa bila kurudisha. Ni mojawapo ya njia za haki zaidi ambazo binadamu amewahi kubuni kwa kugawa kitu kisichotosha watu wote, au mzigo usiotakiwa na yeyote. Haijalishi ni nani anatoa, ni lini, wala ni mkono upi. Lakini haki hiyo iko na sharti moja, na hapo ndipo Washington ilianguka: vikaratasi lazima viwe vimechanganywa mpaka hakuna kinachobebana na mpangilio wake wa zamani.

Hivi ndivyo walivyoandaa vile vidonge. Walianza na Januari: vidonge 31 ndani ya sanduku la mbao. Wakaongeza Februari, wakachanganya na Januari. Wakaongeza Machi, wakachanganya na zile mbili. Wakaenda hivyo mwezi kwa mwezi mpaka Desemba. Ukihesabu, vidonge vya Januari vilichanganywa na vingine mara 11. Vya Novemba mara 2. Vya Desemba mara 1 tu. Halafu sanduku likafungwa, likatikiswa mara kadhaa, likabebwa, na siku yenyewe vidonge vikamiminwa kwenye kioo. Wale waliotoa, mara nyingi walichukua vilivyokuwa juu.

Kwa macho, kila kitu kilikuwa sawa. Kioo ni angavu, kamera zipo, mbunge yupo, vijana wapo, na hakuna mtu anayechungulia. Ukiangalia televisheni ungesema hii ni haki tupu.

Mimi nilichukua jedwali la zile namba 366 nikahesabu moja moja, maana sipendi kuambiwa tu. Desemba ina siku 31. Kati yake, 26 zilipata namba 195 kwenda chini, yaani ziliitwa. Zilizookoka ni tano tu: tarehe 2, 12, 15, 17 na 19. Januari pia ina siku 31. Zilizoitwa ni 14. Kura ikichanganywa vizuri, mwezi wa siku 31 ungetegemea kuitiwa kama siku 16 au 17.

Angalia pia wastani wa namba kwa kila mwezi. Katika kura ya haki, wastani wa kila mwezi ungezunguka 183.5. Januari ilikuwa 201. Machi ilikuwa 226. Novemba ilikuwa 149. Desemba ilikuwa 121.5. Na hii ndiyo ilinishtua zaidi: miezi yote sita ya kwanza ya mwaka iko juu ya 183.5, na miezi yote sita ya mwisho iko chini yake. Kidogo inaweza kutokea kwa bahati, najua, bahati haigawi kwa rula. Lakini mteremko wa aina hii, kutoka mwanzo wa mwaka mpaka mwisho, bahati peke yake ingeuleta chini ya mara 1 katika kura 1,000.

Wanatakwimu waliliona haraka. Mapema Januari 1970, mwezi mmoja tu baada ya kura, gazeti la New York Times lilikuwa limeshaandika kwamba wanatakwimu wanasema kura haikuwa ya bahati nasibu. Mwaka 1971, mwanatakwimu Stephen Fienberg akaichambua kwa kina kwenye jarida la Science, na akaunganisha mambo mawili ambayo watu hawakuzoea kuyaweka pamoja: kuchanganya bila mpangilio, na haki katika jamii. Suala lilifika mpaka kortini. Matokeo hayakufutwa. Namba ulizopewa zilibaki zako.

Kinachoniuma ni kwamba somo hili lilikuwa limeshafundishwa. Oktoba 1940, kabla Marekani haijaingia kwenye Vita vya Pili vya Dunia, walipiga kura kama hiyo. Waziri wa Vita, Henry Stimson, alifungwa kitambaa machoni akatoa namba ya kwanza, 158. Baadaye wanatakwimu wakaona kwamba namba zilitoka kwa mafungu, kwa sababu vidonge havikuchanganyika vya kutosha. Miaka 29 ikapita, na kosa lile lile likarudi, likiwa limevaa nguo za televisheni.

Kitambaa machoni kinanifurahisha kwa njia ya huzuni. Watu waliogopa kwamba mkono utadanganya, wakaufunga macho. Hawakuogopa kwamba bakuli lenyewe liko na mpangilio tayari. Kama vidonge vya Desemba viko juu, unaweza kumleta malaika afumbe macho achukue, bado atatoka na Desemba.

Je, kuna mtu alipanga kuwaonea waliozaliwa Desemba? Sioni ushahidi wowote wa hilo, na sioni ni nani angefaidika. Mwezi wa kuzaliwa hauna kabila, hauna chama, hauna tabaka. Ndio maana kisa hiki ni muhimu kwangu. Tumezoea kufikiri kwamba dhuluma lazima iwe na mwizi. Hapa hakuna aliyeiba, lakini kuna walioibiwa. Zaidi ya Wamarekani 58,000 walikufa katika vita vile, na Wavietnam waliokufa ni wengi zaidi kwa mbali. Hatuwezi kumnyooshea kidole kijana mmoja wa Desemba tukasema huyu angebaki nyumbani kama sanduku lingekorogwa vizuri. Lakini tunaweza kusema kwamba kuna vijana walioitwa wakati nafasi zao hazikuwa sawa na za wengine, na waliambiwa ni sawa.

Kurekebisha hakukuwa kugumu, na hiyo ndiyo inauma zaidi. Tarehe 1 Julai 1970 walipiga kura ya waliozaliwa 1951. Safari hii waliwaita watu wa National Bureau of Standards, taasisi ya serikali ya vipimo, waandae mipangilio ya nasibu kwa kutumia majedwali ya namba. Wakatumia mapipa mawili ya kuzunguka: moja lilikuwa na tarehe 365, lingine lilikuwa na namba 1 mpaka 365. Kila pipa likajazwa kwa mpangilio wa nasibu, likazungushwa. Tarehe ikatoka huku, namba ikatoka kule, zikakutana. Hata kama pipa moja halikuchanganyika vizuri, lile lingine linakufichia kasoro. Hiyo ni akili ya kawaida tu, ila mara ya kwanza hakuna aliyekaa chini kuitumia.

Sasa mbona nakuandikia haya wewe uliye Kenya, ambako hakuna kura ya jeshi?

Kwa sababu maisha yetu yamejaa vikombe vya vikaratasi. Chama kina mzunguko. Darasa linapanga nani atawasilisha kwanza. Mtaa unagawa vibanda vya soko kwa kura. Timu za mtaani zinapangwa kwenye makundi. Kila mahali kitu hakitoshi watu wote, mtu atasimama na kusema "tupige kura ili iwe haki", na sote tutatulia, kwa sababu neno kura linatutuliza. Sisemi tukatae kura. Nasema tuulize maswali yanayofaa.

Hatuulizi mkono. Tunauliza kikombe. Vikaratasi vyote vina ukubwa mmoja na vimekunjwa namna moja? Viliingia kwa mpangilio gani? Nani alivichanganya, kwa muda gani, na sisi tulikuwa tunaona? Vilikorogwa vyote pamoja, au vya mwisho viliwekwa tu juu? Vimehesabiwa kabla ya kuanza, tukajua viko vingapi? Na kama ni programu ya simu inayochagua, nani aliitengeneza na inachagua vipi? Mtu akikasirika kwa sababu umeuliza, hapo ndipo unazidi kuuliza.

Na kama wewe ndiye umepewa kikombe, usilichukulie kama jambo la dakika moja. Mimina vyote kwenye beseni au sufuria pana, koroga kutoka chini mpaka juu, rudia mara nyingi kuliko unavyofikiri inahitajika, kisha mpe mtu mwingine akoroge pia. Ukiweza, fanya kama wale wa 1970: majina kwenye chombo kimoja, namba kwenye kingine. Itachukua dakika tano zaidi. Mtu atakucheka kwamba unajifanya profesa.

Wacha acheke. Washington walikuwa na kioo, kamera na mbunge. Dakika tano za kukoroga ndizo walizokosa.